Mteremko wa Mita Nne

Jumatano asubuhi Inspekta alichuchumaa mbele ya mlango wa mashariki wa soko jipya, goti lake la kulia likalia kama bawaba kavu, akaanza kuhesabu nondo.

Goti lile lilimsumbua tangu mwaka alipomkimbiza mwizi wa pikipiki kwa miguu mpaka akamkamata. Mwizi alikwisha kutoka jela, akaoa, sasa ana watoto wawili. Goti bado linatumikia kifungo.

Soko lilijengwa juu ya jukwaa la zege, sentimita tisini kutoka ardhini, kwa kuwa eneo lile hujaa maji kila mvua kubwa ikinyesha. Lilikuwa na milango mitatu. Kila mlango ulikuwa na ngazi, na kando ya ngazi njia ya mteremko kwa watu wa viti vya magurudumu, wazee, kina mama wenye vigari vya watoto na wachukuzi wenye matoroli. Wiki mbili zilizopita mteremko wa kaskazini ulikutwa umevunjwa wote. Jumapili iliyopita ukafuata huu wa mashariki. Ulibaki wa magharibi peke yake, na soko lilikuwa linafunguliwa Ijumaa.

"Kumi na mbili," alisema Inspekta.

"Hatukukuita uje kuhesabu nondo, mama." Msimamizi wa ujenzi alisimama kivulini, kofia yake ngumu ikiwa nyeupe kama sahani iliyotoka kuoshwa. "Mhalifu mnaye, yuko ndani tangu Jumatatu. Kilichobaki ni karatasi."

"Kila mteremko uliwekwa nondo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi haijaondoka hata moja." Inspekta aliinuka kwa awamu, mkono ukishika paja. "Mtu mliyenikamatia ni mwokota vyuma chakavu. Mnasema alivunja zege lote hili apate chuma, kisha akakiacha chuma akaenda zake."

"Labda alishtuliwa."

"Alishtuliwa, akafagia?"

Mabonge ya zege yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, makubwa chini, madogo juu, kama matofali yanayosubiri mnunuzi. Vumbi lilikusanywa fungu moja kwenye kona. Alama za tindo zilikwenda mstari kwa mstari kuanzia juu kushuka chini, upana mmoja, bila papara. Na kila ncha ya nondo iliyochomoza ilikuwa imevishwa kipande cha kitambaa cha kijani na kufungwa fundo, ili mpita njia asichomwe mguu.

Inspekta alifungua fundo moja. Kitambaa kilikuwa kizito, kipya, na ukingo wake wote ulikatwa meno-meno kama msumeno. Akakitia kwenye bahasha.

"Aliyeijenga njia hii ni nani?"

"Kampuni," alisema Msimamizi, akiangalia simu yake. "Mafundi wako wengi, wanakuja wanakwenda. Naomba jioni nipate barua kwamba kesi imefungwa. Ijumaa nina wageni hapa."

Mlinzi wa soko alikuwa mzee mwembamba aliyekaa langoni na redio yake iliyofungwa kwa mpira. Alimpa Inspekta kiti chake, yeye akakaa juu ya ndoo.

"Jumapili ulikuwa zamu wewe, mzee wangu?"

"Toka kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Sikutoka hata kwenda dukani."

"Nani aliingia?"

Mzee alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari. "Hakuna mtu aliyeingia. Nimeandika mwenyewe."

"Kelele je?"

"Kelele za kazi tu."

"Kazi gani, Jumapili?"

Kidole cha mzee kilibaki pale pale juu ya daftari. "Fundi alikuwa anatengeneza pale mlangoni."

"Hakuna mtu aliyeingia, lakini fundi alikuwa anatengeneza."

"Fundi si mtu, afande." Alisikia alichosema mwenyewe, akakohoa. "Nina maana, si mtu wa kuandikwa. Mafundi hawaandikwi. Alikuwa na koti la njano, kofia, kamba yake ameizungusha watu wasikaribie. Alianza saa moja asubuhi. Saa tisa akafagia, akaondoka."

Inspekta alifunga macho kidogo. Kituo kizima kilikuwa kimepoteza siku mbili kumtafuta mtu aliyekuja usiku.

"Sura yake?"

"Alivaa miwani ya vumbi na kitambaa puani. Mtu mzima, mabega mapana. Nilimpelekea maji ya kunywa. Mtu mwenye adabu sana yule. Aliniuliza kama vumbi linanisumbua, nikamwambia hapana, akasema basi nisogeze redio isije ikaharibika." Mzee alifunga daftari taratibu. "Afande, ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Na mimi nilimpa maji."

"Ungemnyima, ningekuona wewe ndiye mkosaji," alisema Inspekta, akamrudishia kiti chake.

Kabla ya kuondoka alikwenda mlango wa magharibi, akaupanda mteremko uliobaki. Hatua ya tatu goti lilianza kulalamika. Alipofika juu alikuwa ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, na kushuka kulikuwa kubaya zaidi, visigino vinateleza, mwili unataka kutangulia. Alitoa tepu yake ya kupimia, akapima mara mbili. Kimo, sentimita tisini. Urefu, mita nne. Juu ya zege fundi alikuwa amechora kwa ufagio, likiwa bado bichi, mistari iliyokutana katikati kama mifupa ya samaki, ili gurudumu lishike. Kazi ya mikono ilikuwa safi. Mwinuko wake ndio uliokuwa wa paa la nyumba.

Kituoni, mwokota vyuma alikuwa amekaa sakafuni kwenye mahabusu, miguu ameinyoosha. Watu wote mtaani walimwita Chumachuma, na mkokoteni wake ulikuwa umeegeshwa uani kama ushahidi.

"Nondo walizokukuta nazo ulizitoa wapi?"

"Kwenye nyumba iliyobomolewa kule mtoni. Mwenyewe aliniita. Nimesema mara nne, kila anayeandika anaandika lake."

Inspekta alikuwa ametoka kuziangalia. Zilikuwa na kutu ya miaka, nyingine zimelika kama gunzi la muhindi. Za sokoni zilikuwa bado na rangi ya buluu ya kiwandani.

"Umelala vizuri?"

"Mama, siku mbili sijasukuma mkokoteni. Mgongo umepona. Lakini nyumbani hawajui niko wapi, na hilo haliponi."

Alipanda juu kwa Mkuu wa kituo, mtu mnene aliyependa kusikia habari akiwa anasaini vitu vingine.

"Chumachuma hana kosa."

"Nikimwachia huyu, nimpe nani yule Msimamizi? Amenipigia mara tatu leo."

"Nipe mpaka jioni." Aliweka kitambaa cha kijani mezani, juu ya faili. "Natafuta kilikotoka hiki."

Mkuu aliacha kusaini. "Hicho nakijua. Sare ya shule ya pale nyuma ya soko, binti zangu wawili wanaivaa. Anashona Bi Mkasi, nyumba ya tatu ukipita shule. Mwaka huu amechelewesha, sijui ana nini. Wanangu bado wanavaa za mwaka jana, mikono inaishia kwenye viwiko." Alikigeuza kile kitambaa. "Ila Bi Mkasi hakati hivi. Ukingo wake huwa umenyooka kama rula."

"Tuma mtu nyumbani kwa Chumachuma akawaambie yuko hapa na yu mzima," alisema Inspekta, akachukua ushahidi wake.

Nyumba ya tatu ilikuwa ndogo, ya bati, yenye ua wa mchanga uliofagiwa. Inspekta alikuwa amekwisha kuinua mkono abishe hodi ndipo alipogundua kwamba amefika mlangoni na goti halijasema neno. Akageuka. Alikuwa amepanda. Njia ya zege ilianzia getini, ikafuata ukuta, ikapumzika kwenye kona mahali pa upana wa kitanda, kisha ikaja mpaka mlangoni, polepole mno hata mguu haukujua. Alichutama akaugusa uso wake. Mifupa ya samaki.

Aliupima kabla ya kubisha. Kizingiti kilikuwa sentimita hamsini kutoka ardhini. Njia ilikuwa mita sita na nusu.

"Ukimaliza kupima, karibu ndani," ilisema sauti ya mwanamke. "Mlango hauna komeo."

Bi Mkasi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya cherehani iliyofunikwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta kutoka kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko. Nyuma yake mashati ya kijani yalirundikana, mengine hayana kola, mengine hayana mikono.

"Kama ni sare, nisamehe. Kila mzazi anakuja na sauti ya kunidai."

"Si sare. Natoka polisi." Inspekta alikaa kwenye stuli. "Mkono umefanya nini?"

"Nilianguka sokoni. Mlango wa magharibi, wiki tano sasa. Soko lilikuwa halijamalizika, lakini njia ilikuwa tayari. Nilitaka niijaribu kabla ya watu kujaa. Nilifika katikati, kiti kikainuka mbele kama farasi, nikarudi kinyumenyume." Alisema bila kujihurumia, kama mtu anayetoa vipimo. "Niliandika barua manispaa. Tatu. Zote zina mhuri wa kupokelewa. Jibu ni moja: suala lako linashughulikiwa."

"Anayekusaidia kushona ni nani?"

"Kushona, hakuna. Kukata, anakata kaka yangu jioni akitoka kazini." Alitabasamu kidogo. "Tukisema kukata. Mkono wake si wa kitambaa."

Inspekta alitoa bahasha, akaweka kile kipande juu ya meza ya kukatia. Bi Mkasi alikichukua kwa mkono wa kushoto tabasamu likiwa bado lipo.

"Si unaona? Nimemwambia mara ngapi, mkasi wa meno ni wa kumalizia ukingo ndani, si wa kukatia nguo nzima. Yeye ameupenda huo kwa sababu ni mzito, anasema unamkaa mkononi." Alitazama bahasha, akaona maandishi ya kituo juu yake. Alikirudisha kile kitambaa mezani, akakilaza vizuri, akakipangusa kana kwamba kina vumbi.

"Mmekikuta wapi?"

"Kwenye ncha za nondo, sokoni. Vipande kumi na viwili, kila kimoja na fundo lake, watu wasiumie."

Nje mtu alikuwa anafungua geti. Wote wawili walisikia buti zikipanda njia ya zege bila haraka.

"Kaka yako ni mwashi," alisema Inspekta.

"Wanamwita Fundi Timazi. Ukuta wake ukiuwekea timazi, kamba haigusi wala haiachi." Aliinua macho. "Dada, naomba umuulize kwa upole. Yeye hasemi uongo, hajui. Ukimkaripia atakubali hata yasiyo yake."

Mwanamume aliyeingia alikuwa na mabega yaliyojaza mlango na nywele zilizoanza mvi za kweli chini ya mvi za saruji. Alikuwa na kidonge cha uzi wa kijani mkononi. Alisalimia, akaona bahasha, akaona kitambaa, akauweka uzi mezani karibu na dada yake kabla ya kufanya lingine lolote.

"Ni mimi," alisema.

"Sijauliza bado," alisema Inspekta.

"Utauliza."

"Basi keti. Na ujue kwamba unayosema nitayaandika."

Alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Inspekta alifungua daftari.

"Nani alijenga miteremko ya soko?"

"Mimi. Yote mitatu. Andika hilo kwanza, maana ndilo kosa langu la kwanza. Ramani niliyopewa siku ya kwanza ilisema mita kumi na moja, na mahali pa kupumzika katikati. Nilikwisha kuchimba msingi. Akaja Msimamizi na kalamu nyekundu, akakata, akaandika nne. Alitaka pale mbele paegeshwe magari sita ya wageni."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia mtu hawezi kupanda huo. Akaniambia wewe ni fundi wa mwiko, si wa kalamu. Kuna wenzangu ishirini langoni wanasubiri nafasi yangu. Nikajenga." Alitazama mikono yake. "Nikajiambia labda itawezekana. Nikamwambia dada njoo, nimekujengea njia, kuanzia sasa utakwenda sokoni peke yako. Nilisimama juu namsubiri. Nilikuwa juu, afande. Sikuwa nyuma yake."

Bi Mkasi alisema, "Mimi ndiye niliyekwambia usimame juu."

"Kwa nini hukuanza na ule wa magharibi," Inspekta aliuliza, "ule alioangukia?"

"Kila nikisimama pale na nyundo mkono haunyanyuki. Nilisema nitauvunja wa mwisho. Ilikuwa iwe kesho."

"Ulifanya mchana."

"Nilijenga mchana. Sikuwa naiba kitu."

"Ulijua kuna mtu amekamatwa?"

Aligeuza kichwa kama aliyeitwa kutoka mbali. "Nani?"

"Mwokota vyuma, yule wa mkokoteni. Yuko ndani tangu Jumatatu kwa kazi yako."

Fundi Timazi aliinuka. Alivua kofia, akaishika, akawa hajui pa kuiweka. Rangi ya uso wake ilikuwa ile ile ya saruji. "Sikusikia," alisema. "Tangu Jumatatu niko kwenye jengo la ng'ambo. Sikusikia, afande. Twende. Twende sasa hivi."

"Ile ramani unayo?"

Ilikuwa chini ya godoro lake, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Mita kumi na moja kwa wino mweusi, nne kwa wino mwekundu, na chini ya nne sahihi yenye mkia mrefu.

"Na mimi naenda," alisema Bi Mkasi.

Ilichukua nusu saa kufika kituoni, kwa sababu njia ya waendao kwa miguu ilikuwa inakatika kila mahali: hapa nguzo ya umeme katikati, pale mtaro usio na mfuniko, kule gari lililopandishwa juu. Inspekta alikuwa amepita njia ile miaka kumi na moja bila kuyahesabu hayo. Fundi alisukuma kiti akikwepa kila shimo kabla halijaonekana.

Kituo kilikuwa na ngazi tano mlangoni. Hapakuwa na njia nyingine.

Mkuu wa kituo alitokea juu, akaangalia, akaelewa. "Leteni askari wanne," aliita ndani. "Wamnyanyue mama na kiti chake."

"Ahsante, mkuu, hapana," alisema Bi Mkasi. "Nitakaa hapa. Sitaki kubebwa."

"Lakini maelezo huandikwa ndani. Ndiyo utaratibu."

Inspekta alipanda zile ngazi, goti likihesabu moja mpaka tano, akaingia. Alitoka ameshika kitabu cha matukio kwapani, na nyuma yake askari wawili wakisukumana na meza. Wakaiteremsha uani, chini ya jua, karibu na mkokoteni wa Chumachuma. Kikafuata kiti, kikafuata mhuri, ikafuata fomu ya dhamana. Mwisho, baada ya kusimama peke yake juu kwa muda, akafuata Mkuu.

Chumachuma aliletwa kuchukua mkokoteni wake. Fundi Timazi alimwendea akasimama mbele yake, kofia kifuani.

"Ndugu yangu, umelala ndani kwa kosa langu. Sikujua. Ningejua, nisingekuacha hata saa moja."

Chumachuma alimwangalia juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyeacha nondo kumi na mbili nzima zimesimama?"

"Ndiyo."

"Kosa lako ni hilo," alisema Chumachuma. Akampa mkono. Walishikana muda mrefu kuliko walivyokusudia, kisha mkokoteni ukatoka getini ukipiga kelele, mwenyewe akiharakisha kama mtu anayengojwa.

Gari la Msimamizi liliingia likipishana naye. Alishuka, akaona meza uani, akaona fundi, akapumua. "Kumbe ni huyu. Vizuri. Mkuu, kesi ndiyo imekwisha."

"Moja imekwisha," alisema Inspekta. Alifungua ramani juu ya meza, akaishika kingo upepo usiichukue. "Hii sahihi ni yako?"

Msimamizi aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuitambua sahihi yako mwenyewe. "Yale yalikuwa marekebisho madogo ya uwanjani. Hufanyika kila mahali."

"Mita saba."

"Mama, sikiliza. Mwezi mzima wa majaribio, watu wakija kuchagua vibanda, nimekaa pale. Watu wa viti vya magurudumu nimewaona wangapi? Wawili. Wawili, kwa soko la watu elfu."

"Wengine tuko nyumbani," alisema Bi Mkasi. Hakupandisha sauti. "Tunasubiri mtu mwenye nafasi aje atubebe."

Askari mmoja alijifanya anafuta mhuri. Mkuu wa kituo alikuwa anauangalia ule mkono wenye plasta, na pengine alikuwa anaziona sare za binti zake.

"Andika, Inspekta," alisema hatimaye. "Fundi ameharibu mali ya umma, ashitakiwe kwa hilo. Huyu bwana atoe maelezo yake kuhusu kalamu nyekundu. Nakala ya ramani iende manispaa leo, kwa mkono, ipokelewe na mhandisi mwenyewe, si karani. Na ule wa magharibi ufungwe kamba mpaka mhandisi aupime."

"Na Ijumaa?" aliuliza Msimamizi.

"Ijumaa wageni wako watatumia ngazi. Au utawaambia wasubiri, kama wengine wanavyosubiri."

Msimamizi aliingia ndani ya gari kupiga simu na hakushuka mpaka askari alipogonga kioo. Inspekta aliandika mbele ya Fundi Timazi kila neno, kwa utaratibu aliotaka: kwanza kwamba alijenga, pili kwamba alivunja. Fundi alisoma, akasahihisha kipimo kimoja, akaweka sahihi.

Ikabaki fomu ya dhamana. Mkuu aliishika mwenyewe, akasoma maswali kama yalivyopigwa chapa.

"Mdhamini?"

"Mimi," alisema Bi Mkasi. "Dada yake."

"Akitoroka kabla ya kuripoti Jumatatu, sheria inakujia wewe. Unalielewa hilo?"

"Ninalielewa."

"Umemfahamu mshitakiwa kwa muda gani, na una sababu gani ya kumwamini?" Aliona aibu kidogo. "Imeandikwa hivyo. Kila mtu anaulizwa."

Bi Mkasi aliuweka mkono wa plasta mapajani. "Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya mto," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka saba, yeye kumi. Alinibeba mgongoni, kwenda na kurudi, mpaka nilipomaliza darasa la saba. Yeye alikuwa ametangulia kumaliza miaka mitatu nyuma. Kwa hiyo miaka mitatu alikwenda shule ambayo hakusoma. Aliniweka dawatini, akakaa nje chini ya dirisha mpaka kengele ilie. Hapo nje ndipo mwashi aliyekuwa anajenga ukuta wa shule alipomwona amekaa bure, akampa mwiko." Alivuta pumzi. "Miaka mitatu mtu huyu alikaa chini ya dirisha asitoroke. Jumatatu si mbali."

Fundi Timazi alikuwa amegeukia ukuta wa kituo, anautazama kwa makini sana, kama mtu aliyeona ufa.

Mkuu aliandika alichoweza kukiingiza kwenye mstari mmoja. Akamgeuzia fomu. Bi Mkasi alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, mkono usiojua kuandika, akaanza. Herufi ya kwanza ililala. Ya pili ikapanda juu ya ya kwanza. Upepo ulipoinua karatasi, Mkuu wa kituo aliinama akaishika pembe mbili, na Inspekta akashika pembe nyingine mbili, wakasubiri hivyo, vichwa vyao karibu kugusana, mpaka herufi ya mwisho ilipofika mahali pake.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi, aje kuripoti," alisema Inspekta. "Pamoja na mdhamini."

"Tutakuja wote," alisema Bi Mkasi, akimrudishia kalamu. "Meza iacheni hapa nje."

Mkuu alifungua kinywa kueleza kwamba meza ile ilikuwa ya chumba cha maelezo, akakifunga. Aliwaita wale askari wawili, akawaambia watafute turubai la kuifunika, maana Jumapili huenda mvua ikanyesha.